Pale Mkono Ulipokula Rangi

Mimi ni mchuuzi wa mitumba, na mchuuzi wa mitumba hadanganywi na nguo. Nikiinua blauzi mara moja kwenye mwanga najua kama imefuliwa sana, kama imemwagikiwa chai, na kama mwenye nayo alikuwa mtu wa jasho. Pale soko la Matiliku, miaka ya themanini ikielekea kwisha, meza yangu ilikuwa karibu na akina mama wa mbaazi, na sheria yangu ilikuwa moja tu. Doa likionekana, bei inashuka. Kola ikichujuka, bei inashuka. Kifungo kikikosekana, inashuka tena, na mteja anaondoka akijiona mjanja kunishinda. Nguo safi kabisa zilizotoka kwenye belo, lile furushi kubwa la mitumba, tuliziita kamera. Zile za mwisho, zenye madoa na matundu, tuliziita fagia, maana zilikuwa za kufagiwa na kupewa mtu anayetafuta tambara la kupangusia baiskeli. Kati ya kamera na fagia nililea watoto wangu, na sikuona haja ya elimu nyingine.

Ndiyo maana gitaa la mume wangu lilikuwa linaniudhi.

Lilining'inia ukutani juu ya kitanda chetu, ndani ya mfuko wa nailoni uliotoka kwenye belo langu mojawapo. Lilikuwa gitaa la mbao, lisilotumia umeme, rangi yake ya kahawia inayoelekea wekundu. Hiyo ni pale rangi ilipobaki. Chini ya lile tundu la katikati, mahali vidole vinapopita vikitafuta nyuzi, vanishi yote ilikuwa imeliwa na mbao tupu ikaonekana, doa pana kama kisahani cha chai. Pale juu pembeni, mkono unapoegemea, palikuwa na mchirizi mwingine mrefu uliopauka. Nyuma ya shingo hapakuwa na vanishi hata ya dawa. Palikuwa laini na peusi kama mpini wa mwiko wa mama mkwe wangu. Wageni wakiingia chumbani nilikuwa nageuza mfuko ili upande mzima ndio uonekane. Kwa macho yangu, lile gitaa lilikuwa fagia.

Alilinunua Kibwezi akiwa kijana, siku za miaka ya sabini alipokuwa akipiga muziki na wenzake kwenye hoteli za barabara ya Mombasa. Madereva wa malori walikuwa wakisimama kula, wakasikia gitaa, wakasahau kwamba mizigo inangojewa. Mimi mwenyewe nilimpendea vidole kabla sijamwona uso. Nilikuwa nimekwenda arusi ya binamu yangu, umati wa wachezaji ukanizuia nisione mbele, nikasikia tu zile nyuzi nyembamba zikijibizana na ile nene ya kidole gumba. Nikasema moyoni, huyu hata akiwa na sura ya fisi, nitamtaka. Bahati nzuri sura yake ilikuwa ya kawaida.

Kisha akaokoka. Ulikuwa mkutano wa injili hapo uwanjani Matiliku, na yeye alikuwa amepita tu kununua misumari. Alirudi nyumbani bila misumari, macho mekundu, akachukua gitaa, akaliviringisha, akalitundika. Wengine wakiokoka wanachoma vitu vyao vya zamani, majirani wakaja kutazama kama moshi utatoka kwetu. Hakuchoma. Nilipomwuliza alisema mbao haina dhambi. Lakini hakuligusa tena. Alishika jembe, akalima mbaazi na ndengu, na vidole vilivyonipumbaza vikawa vya kupalilia. Sikulalamika, maana mume wa nyumbani usiku ni bora kuliko mume wa hotelini, ila kuna jioni nilikuwa nakumbuka ile arusi.

Sasa nieleze habari ya maji, kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote.

Kwetu mto si maji, mto ni mchanga. Kiangazi kikishika, unachimba shimo kwenye huo mchanga, unangoja maji yachuruzike, unachota kwa kikombe, unamwachia mwenzako. Kiangazi kikizidi shimo linaenda chini mpaka mchotaji anazama kichwa na sauti yake inatoka kama ya mtu wa kaburini. Nilikuwa nikitoka sokoni jioni namfungia punda madumu na kushuka huko. Maji ndiyo yaliyonizeesha magoti. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumeshaezeka mabati. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu ya paa letu wenyewe, yanaanguka uani, yanajiendea zake kwenye korongo la jirani. Nilikuwa nasimama mlangoni kuyatukana. Haja yangu duniani ilikuwa tangi la mabati kwenye ile pembe ya nyumba, pamoja na mifereji ya paa ya kuliingizia maji.

Jioni moja, mawingu ya kwanza yameanza kupita bila kufanya kitu, mume wangu akaweka bakuli chini.

"Mama watoto," akasema, "tuuze gitaa, tununue ile tangi kabla mvua haijakuja."

Kigelegele kilinifika kwenye meno. Halafu nikaona hanitazami mimi, anatazama ukutani, nikakimeza.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kanisa letu wenyewe. Kwaya ilikuwa na ngoma na kayamba, na sasa walitaka gitaa kama makanisa ya mjini. Walikuja wawili baada ya ibada: mzee wa kanisa, mtu mzuri sana lakini mkali kama pilipili, na mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Niliwapikia chapati. Mume wangu akalitoa gitaa kwenye mfuko na kuliweka juu ya meza. Mzee wa kanisa akavaa miwani, akaliinamia, akaweka kidole katikati ya lile doa.

"Ndugu, hii ni nini?"

"Ni mkono," mume wangu akajibu.

"Mkono ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa unapigia wapi?"

"Kibwezi."

Mzee akaondoa kidole kama aliyegusa sufuria ya moto. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sasa unaona, ndugu. Tukisimamisha hii gitaa mbele ya kanisa, watu hawataona kwaya. Wataona Kibwezi."

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwishagusa uzi mmoja, akafumba macho. "Lakini mzee, sikia sauti yake."

"Sauti haionekani," mzee akasema, akavuta chapati nyingine. "Ikipakwa rangi mzuri, tunachukua, na bei yenu tunalipa. Lakini na hii Kibwezi hapa, hapana."

Tangu siku hiyo lile doa likapata jina nyumbani kwetu. Likaitwa Kibwezi. Watoto wakisukumana kitandani nilikuwa nawafokea, "Msiguse gitaa, mtaongeza Kibwezi nyingine!" Nami nilikubaliana na mzee kabisa, si kwa mambo ya dhambi, ila kwa mambo ya sokoni. Doa ni doa.

Dawa ikapatikana upesi. Binamu ya mume wangu ni mchonga vinyago, mmoja wa wale wanaochonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, na alikuwa amekuja kutuona. Aliligeuza gitaa huku na huku akicheka.

"Mwanaasa, hii ni kazi ya nusu siku," akamwambia mume wangu, akimwita kwa Kikamba mtoto wa baba yake. "Sisi tunachukua mti wa jana, tunaipitisha kwa moshi, tunaizika kwa udongo, mzungu anakuja anaambiwa hii ni ya babu ya babu, analipa mara mbili. Sasa tutashindwa kuchukua ya babu tuifanye ya jana? Kwanza msasa, tunakwangua yote mpaka iwe sawa. Halafu polishi ya viatu, halafu kitambaa. Shemeji, utaona uso yako ndani."

Nilifurahi sana. Mimi blauzi iliyochoka naitia wanga, naipiga pasi, inasimama kama imetoka dukani, kwa hiyo kazi hiyo niliielewa. Mume wangu akasema "sawa", akatoka kwenda kutazama mbuzi ambao nilikuwa nimetoka kuwatazama muda si mrefu.

Asubuhi yake mchongaji akatandika gunia uani, akapanga mikebe yake ya polishi, akatafuta karatasi yake ya msasa. Haipo. Akamwaga mfuko wote chini. Haipo. Tukatafuta chini ya kitanda, kwenye kiota cha kuku, ndani ya kapu la mama mkwe wangu. Watoto wakaapa hawajaiona. Mume wangu alitafuta kwa bidii kuliko sisi sote. Hata kinu alikiinua kutazama chini yake, na kile kinu hakiinuliwi ovyo. Mwishowe mchongaji akachoka, akasema polishi peke yake itatosha, ataipaka nene ifunike yote.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi hapo anapukuchua mbaazi. Akatutazama tukilikandamiza gitaa kwa vitambaa kama mgonjwa, akasema, "Mkimaliza hiyo, mje mpake na kibuyu yangu."

Alikuwa ananichokoza. Nilipoolewa nilimletea zawadi ya kibuyu kipya cha uji, kizuri, kinang'aa, kwa sababu chake kilikuwa cheusi na kimekwaruzika kila mahali. Uji wa kwanza kutoka kwenye kile kipya ulikuwa mchungu hata mbwa akaunusa na kwenda zake. Akarudia kile cheusi siku hiyo hiyo, na kile changu kikawa cha kuwekea mbegu. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisahaulisha.

"Mwaitu, mama, hii si uji," nikamwambia.

"Naona," akasema, akaendelea kupukuchua.

Gitaa lilipokauka, jamani, lilimeta! Kibwezi haikuonekana hata kwa kutafuta. Mchongaji akapiga hatua nyuma na kukunja mikono kama amemaliza kifaru. Mume wangu akalitazama, akasema linafanana na viatu vya chifu. Sikujua kama amelisifu.

Jumapili watu wa kanisa wakalichukua kulijaribu. Kanisa letu lilikuwa na paa la mabati lisilo na dari, na jua la kungojea mvua unalijua mwenyewe lilivyo kule kwetu. Kwaya ilivaa kanzu nyeupe mpya, nyeupe kabisa, zilizoshonwa kwa michango yetu. Mzee wa kanisa akaliweka gitaa mbele, akaliwekea mikono miwili, akaliombea kwa muda mrefu. Alipomaliza alipangusa jasho kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa akina mama, nikaona mstari wa kahawia umebaki pale, kutoka sikio hadi sikio. Nikazitazama zile kanzu nyeupe.

Mwalimu wa kwaya akalikumbatia, akaanza. Sauti ilijaa kanisa vizuri, nisitie chumvi wala nisipunguze, isipokuwa kulikuwa na kitu ndani kinachokwaruza kila alipopiga kwa nguvu, kama kombamwiko kwenye boksi. Akawa anachungulia kwenye tundu huku anaimba. Jua nalo likafanya kazi yake. Ubeti wa kwanza, kifua cha kanzu kikaingia kivuli. Ubeti wa pili, mkono mzima umekuwa kahawia. Akajifuta pua. Soprano aliyesimama karibu naye akamwona, akajaribu kuimba huku amebana midomo, ikashindikana, akamwegemea mwenzake. Mwalimu akamkabidhi gitaa kijana mwingine wa kwaya aliyejua kupiga kidogo, ili yeye aongoze kwa mikono, naye huyo wa pili akapakwa. Kufikia wimbo wa mwisho kwaya ilikuwa kama watu waliotoka kukandika nyumba.

Nje ya mlango mzee wa kanisa alisimama kutusalimia kwa mkono mmoja mmoja, kama desturi. Kila aliyemsalimia alikwenda nyumbani na polishi kiganjani. Zamu yetu ilipofika alimshika mume wangu mkono asiuachilie.

"Ndugu," akasema, uso umekunjwa, na ule mstari wake bado uko juu ya nyusi, "hii Kibwezi yako imetoka kwa gitaa ikaingia kwa kanisa."

Mume wangu alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kwanza, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Mzee naye akajiona kwenye kioo cha dirisha, akapigwa na butwaa, halafu akacheka kuliko sisi wote. Lakini gitaa walilirudisha palepale.

Kanzu nilijitolea kuzifua mimi, kwa kuwa nazijua tabia za madoa. Polishi inataka mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni, kisha maji, na maji, na maji. Mitungi yangu yote iliisha. Basi ile shughuli iliyokusudiwa kuniletea tangi ikanirudisha mtoni, na nilikuwa nikinung'unika njia nzima, punda mbele, mume wangu nyuma amebeba madumu na bado anacheka peke yake.

Zamu ya gitaa ikafika. Mume wangu alilikalisha mapajani, akalifuta taratibu kwa kitambaa na mafuta kidogo mpaka polishi ikatoka. Pale penye vanishi palirudi kama zamani. Pale palipokuwa mbao tupu, polishi ilikuwa imenywewa kidogo, Kibwezi ikabaki na rangi ya asali. Nikakumbuka ule mkwaruzo uliokuwa ukisikika ndani.

"Ligeuze," nikamwambia, "kuna mdudu humo."

Hakutaka. Nikamnyang'anya, nikaliinamisha tundu likatazama chini, nikalitikisa. Ikaanguka karatasi ya msasa, imekunjwa vizuri.

Niliiokota, nikamtazama. Huyu ndiye aliyeinua kinu.

"Baba watoto, kama hutaki kuliuza si useme?"

"Nataka tangi," akajibu. "Kabisa. Nilikuwa tu sitaki waikwangue."

Nilijua miaka yote kwamba alikuwa ameliacha. Sikujua kwamba lilikuwa bado linamuuma. Nilimhurumia, na nilijionea huruma mwenyewe pia, maana mawingu yalikuwa yameanza kukaa na tangi halipo.

Habari ya kwaya iliyopakwa polishi ilisafiri na wachuuzi wa soko. Iliingia Kibwezi kabla ya wiki kwisha, na siku ya soko iliyofuata mwanamume mmoja mwenye kofia akateremka Matiliku kuuliza nyumba ya mwenye gitaa. Alikuwa mpiga muziki wa huko, mdogo kuliko mume wangu, aliyewahi kumsikia zamani. Nikamkaribisha, nikamtandikia kitambaa kwenye kiti, nikaanza biashara kwa njia ninayoijua.

"Rangi imetoka hapo kidogo," nikasema, "lakini usijali, kwa hiyo tutaelewana, tutashusha."

Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Yule mgeni hakutazama hata hiyo rangi. Alilinyanyua gitaa, akafumba jicho moja na kulichungulia kutoka mwisho wa shingo, kama fundi anayetazama kama ubao umepinda. Akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapitisha ukucha pembeni polepole akitafuta ufa. Kisha akalinusa.

"Hii mmeipaka viatu," akasema.

Nikamweleza kisa chote, kofia ikamdondoka kwa kucheka. Alipotulia akaweka kidole kwenye Kibwezi, mahali palepale mzee wa kanisa alipokuwa ameweka chake.

"Mama, hapa usinishushie. Hii si kasoro. Hii ni mkono imekula rangi. Inaniambia hii gitaa watu walikuwa wanaitaka, kila siku, miaka. Mimi nikiona gitaa ya zamani haina alama, naogopa. Najiuliza, ilikaa bure kwa nini? Yenye ilianguka ikapasuka, hiyo ndiyo mbaya. Yenye ilinyeshewa ikafura, mbaya. Na yenye imepakwa rangi mpya ndiyo siwezi kununua kabisa, kwa sababu sijui inaficha nini. Hii nitapunguza kidogo, lakini si ya mkono. Ni ya hiyo polishi yenu."

Miaka yangu yote ya kuinua nguo kwenye mwanga, na leo mtu ananiambia doa limepandisha bei na usafi ndio umeishusha! Kutoka pale penye mlango mama mkwe wangu akakohoa. Nilijua ni kibuyu kinachokohoa.

"Ipige kidogo nisikie," mgeni akamwambia mume wangu.

"Mimi nimeokoka."

"Basi piga ya wokovu."

Akalichukua. Alikaza nyuzi, akasikiliza, akalegeza, na nikaona vidole havikuwa vimesahau kitu. Alipiga wimbo wa kanisani tunaouimba kila Jumapili, lakini kidole gumba kilikuwa kinatembea kwenye ule uzi mnene kama anavyotembea mtu aliyekwisha kuizoea njia. Mkono wake ukalala juu pembeni, ndani ya ule mchirizi uliopauka, ukaenea bila kubaki nafasi. Vidole vikashuka, vikaangukia Kibwezi yote. Nilikuwa nimeyaona hayo madoa kila siku juu ya kitanda changu, nayo yalikuwa umbo lake yeye. Nikarudi kwenye ile arusi, nyuma ya ule umati, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kunizuia kuona. Mama mkwe wangu, bibi mzima, pale mlangoni ameacha mbaazi zake na bega moja linacheza.

Nilihuzunika, sifichi. Nilitaka kusema tusiuze. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lakini yeye alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akaliweka gitaa mikononi mwa mgeni.

"Utakuwa unapigia wapi?" akamwuliza.

"Pale pale ulikuwa unapigia."

Akafikiri kidogo. "Mbao haina dhambi," akasema. "Lakini usiipake kitu."

"Siwezi, mzee wangu."

Bei aliyoilipa ilitosha tangi na mifereji, hata baada ya kupunguza ile ya polishi. Tangi likaletwa limelala juu ya mkokoteni, watoto wa njia nzima wakilifuata, likapakwa rangi ya kijani, likasimamishwa kwenye pembe ya nyumba. Mvua ilipokuja nilitoka nje nikasimama chini yake nikisikiliza maji yakiingia humo ndani. Kile kigelegele nilichokuwa nimekimeza nikakitoa hapo, kirefu, majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa.

Mume wangu akaweka kigoda chake pale kivulini, mgongo kwa tangi. Jioni akitoka shambani anaketi, mkono unapanda wenyewe juu ya bati, vidole vinaanza. Alisema anapima maji. Na kweli alikuwa anapima, maana tangi likijaa linaitika kwa sauti nzito na likipungua linalia wembamba, na yeye alikuwa akiniambia "limebaki nusu" bila kuchungulia, na hakukosea. Lakini kupima maji hakutaki kidole gumba kitembee chini na vingine vijibu juu. Nilikuwa jikoni nakoroga sufuria, namsikia, na mwiko wangu unafuata.

Tangi lilitutunza mpaka ile miaka ya tisini inakaribia kwisha. Kisha kutu ikala chini, likaanza kuvuja, na watoto waliokuwa wameshapata kazi wakatununulia la plastiki. Likaja jeusi, kubwa, halina sauti hata ulipige rungu. Lile la mabati likabaki pembeni, tupu. Habari zikamfikia mzee wa kanisa, sasa mkongojo mkononi, akaja kuulizia, anataka kuhifadhia ndengu zake. Akalizunguka, akaligonga, akaona kutu ya chini, akaipita. Alipofika upande wa kigoda akavaa miwani. Rangi ya kijani ilikuwa imetoka hapo, bati tupu linang'aa, doa pana kama kisahani cha chai. Akaweka kidole katikati.

"Mama, hapa rangi imeisha. Utanipunguzia?"

Mume wangu alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda. Akanitazama, mkono wake juu ya bati.

"Mzee," nikamjibu, "hapo ni Kibwezi. Hapo hapauzwi."

Alinitazama, akamtazama yeye, akakumbuka, akapangusa paji la uso kwa kiganja kana kwamba ile polishi bado iko. Akacheka mpaka tukamtafutia kiti. Mwisho nilimwuzia pipa letu la zamani la nyuma ya jikoni, ambalo halikuwa na doa lolote, kwa bei ya fagia.